Kiti cha Mbele cha Gari la Bi Rukia

Najma, Doha

Kwa mume wangu, Baba Zuhura,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na Zuhura na mama. Mimi mwili ni mzima, nakula na kazi naiweza. Roho ndiyo imechafuka, na ukisoma utajua nani ameichafua. Magoti ya mama yanamwacha alale? Zuhura ameacha kulia akipewa hesabu? Niambie ukweli, usiniambie "wazima tu" kama kawaida yako.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi za simu. Nimempa mwenzangu wa hotelini, anakuja likizo kwao Likoni, akuletee mkononi. Sababu unaijua. Majuzi nilikupigia saa ya wewe kutoka kazini, nikakwambia yale maneno ya mke na mume, na kabla hujanijibu sauti ya mwanamke ikacheka: "Mama Zuhura, tumekusikia." Kumbe simu yako imeunganishwa na spika za gari la Bi Rukia. Nilikata simu nikakaa kitandani, nikaona haya peke yangu. Tangu siku ile nikitaka kukwambia neno, nawaza kwanza kama jirani yetu atalipenda.

Usiniambie tena kwamba ni mjane mwenye heshima zake. Najua. Zuhura aliposhikwa na ile homa, gari lake ndilo lililompeleka hospitali, na mimi huku nilimwombea dua kwa jina. Namshukuru, na wivu ninao vilevile, sikatai. Wewe unafanya kazi bohari Shimanzi, yeye ofisi yake iko hapo karibu, basi kila asubuhi anakupa lifti kutoka Mtwapa, na kila jioni anakurudisha. Mnakwama Kiembeni, mnakwama Nyali, mnakwama darajani. Mimi mkeo nakupata kwa simu dakika chache, mtandao ukipenda. Yeye anakupata asubuhi na jioni, na foleni inamwongezea.

Tena wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia, ukijisifu, kwamba kiti cha mbele kimerudishwa nyuma kabisa kwa ajili ya miguu yako mirefu, na kila asubuhi unakikuta vilevile. Wewe ulikuwa unasifu raha ya miguu. Mimi nikasikia kwamba kiti kile hakikaliwi na mtu mwingine.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Umm Salal kumwona binamu yangu Kassim, yule dereva wa nyumba. Kwa tajiri wake magari ni mengi kuliko watu, na Kassim anashinda barabarani kuwapeleka na kuwarudisha. Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, watu wawili wakikwama kwenye foleni huwa wanazungumza nini. Akasema madamu wake amemweleza mambo ambayo hata mumewe hayajui. Si kwa kumpenda, akasema, ni kwa vile taa inakaa nyekundu na mtu hana pengine pa kutazama.

Sasa nikueleze ninavyokwenda kazini siku hizi. Basi la kampuni lilikuwa linatuchelewesha hadi msimamizi anatusubiri mlangoni amekunja uso, kwa hiyo mimi na Namuli, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, tumehamia treni ya chini ya ardhi. Haina hata dereva. Unaingia, unakaa, magari huko juu yanapigiana honi, wewe umeshafika. Watu hawa mafuta wanayo, gesi wanayo, barabara zao pana mpaka kuvuka ni safari, na bado jioni zinajaa magari hayasogei. Wakaona isiwe tabu, wakachimba reli. Nawaonea kijicho, Baba Zuhura. Kila nikipanda nawaza Mtwapa.

Na kuna jambo moja nalipenda kuliko yote. Treni ina behewa la familia, wanakaa wanawake na watoto na watu na wake zao. Mwanamume aliye peke yake haruhusiwi, anakwenda kukaa na wanaume wenzake. Juzi aliingia bwana mmoja ananukia manukato, akajikalisha karibu na sisi. Akaja binti mfanyakazi wa treni, akamwonyesha kwa adabu behewa la pili, na yule bwana akainuka akahama. Nikasema moyoni, laiti binti huyu ningempata pale Mtwapa, asubuhi, kando ya gari la Bi Rukia.

Halafu wewe unaniambia chifu ameitisha mkutano, wakazi waulizwe kama wanataka barabara ipanuliwe zaidi au itengwe njia ya reli ya abiria mpaka mjini. Na ati wewe utasimama upande wa barabara, kwa kuwa Bi Rukia amekueleza vizuri mlipokuwa njiani. Njiani. Na bila shaka mlikuwa na muda wa kutosha. Hebu nawe nisikilize mimi, ingawa sina spika. Barabara ikipanuliwa, wenye magari wanaongeza magari, na asiye na gari anabaki kuomba lifti. Kiti cha treni hakimjui mtu. Leo umekaa wewe, kesho fundi, keshokutwa mama na kapu lake, na hakuna anayekirudisha nyuma kwa ajili ya miguu ya mume wa mwenzake.

Nilimwambia Namuli hayo yote. Yeye ni mbishi. Alisema treni haimfikishi mtu mlangoni, nikakubali, maana kutoka stesheni hadi mlango wa jikoni wa hoteli jua la hapa linatukausha. Akasema reli ni ghali na kwetu hatuna gesi, nikakubali na hilo pia. Mwisho akanitazama akasema, "Dada, wewe huna shida na foleni. Una shida na Bi Rukia."

Nikamwambia ni shida moja.

Uliposikia nimenuna, ukaniletea dawa yako: nitie saini mkataba wa miaka miwili mingine, tununue gari letu. Nimeigeuza dawa hiyo huku na huku. Yaani ili wewe usikae kwenye gari la Bi Rukia, mimi nikae Doha miaka miwili. Na miaka hiyo miwili wewe utakuwa unakaa wapi? Kwenye gari la Bi Rukia. Baba Zuhura, mimi nakutaka wewe, sitaki gari. Zuhura nimemwacha hajang'oka jino, na sasa ananitumia picha ana pengo.

Kwa hiyo sikutia saini. Msimamizi ameniita mara mbili, nimemwambia nakwenda kwangu. Mkataba ukiisha napanda ndege.

Umesema Bi Rukia amejitolea mje pamoja kunipokea uwanja wa ndege. Ni wema, na nimeuwaza sana wema huo. Nikitoka na mabegi yangu, nani atakaa mbele? Nikikaa mimi, miguu yangu mifupi itaning'inia kwenye nafasi yako kama ya mtoto. Nikikaa nyuma, nitakuwa mgeni wenu. Siwezi, mume wangu. Njoo kwa matatu, ubadilishe mara zote za kubadilisha, na tutarudi hivyohivyo, mabegi mapajani, umebanana na mimi. Na siku ya mkutano wa chifu usimame useme reli. Ukiulizwa sababu, sema mkeo anaijua.

Mama mkwe mwambie dawa ya kuchua magoti naileta mwenyewe. Shemeji yangu fundi cherehani aanze gauni la Zuhura la Idi, kitambaa nimekituma pamoja na barua hii. Zuhura mbusu kwenye lile pengo.

Na Bi Rukia msalimie sana. Mwambie sijasahau alivyomshika mwanangu, na Mungu atamlipa. Kisha mwambie kile kiti akirudishe mbele.

Ni mimi mkeo wa ndoa,
Mama Zuhura