Mkono wa Jirani kwenye Gari la Mke Wangu

Bi Chamima wa redioni, shikamoo. Mimi ni Anuar, fundi cherehani hapa Mocímboa da Praia, na wivu unanila wala sina wa kumwambia. Mke wangu Sumaia ana pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake, anapeleka samaki wakavu kuuza mji wa Diaca, na mimi sijui kuendesha, na hilo halikunisumbua mpaka gari lilipoanza kuzimika asubuhi likiwa la baridi, linawaka, linakohoa, linazima, ila likishapata moto halina neno. Basi jirani yetu Sadique, ambaye hana mke, akajitolea, kila asubuhi baada ya sala anaingia uwanjani kwetu, anafungua boneti, anashika kitu humo ndani kwa kidole huku mke wangu anakanyaga mafuta.

"Taratibu, dada Sumaia!"

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, usiachie!"

Na wanacheka, Bi Chamima, wanacheka mimi niko nyuma ya pazia chai inanipoa mkononi, na kwangu hajacheka hivyo tangu tumzae Nuria. Nikaanza kuchunguza hata kanga anazojifunga. Siku moja nikamwuliza, "Umejifukiza udi kwenda kuuza samaki?" Akachukua kapu lake la samaki, akatoka.

Juzi nikamvizia Sadique nje ya msikiti, nikamwambia asikanyage tena kwangu. Akasema, "Sawa, kaka," hakubisha, na hilo likanichoma zaidi. Sumaia sikumwambia. Kesho yake akamngoja, hakumwona, akalazimisha gari mwenyewe, akatoka, likamzimikia katikati ya barabara kuu, na lori lililokuwa nyuma likafunga breki lakini likaligonga gari kwa nyuma. Nilifika mbio nikamkuta amekaa chini, kashika bega, samaki wametapakaa, na neno lake la kwanza likawa, "Mbona leo Sadique hakuja?" Mke wangu ameumia, na mimi bado nikaona wivu kwa sababu ya jina hilo. Hajui kwamba ni mimi niliyemfukuza. Nimwambie, au nimshawishi auze gari yaishe?

*

Marahaba, mwanangu Anuar. Pole yangu ya kwanza ni ya Sumaia na bega lake.

Wivu wako naujua. Kumwona mwanamume mwingine akichekeshana na mkeo uwanjani mwako kila asubuhi kunauma, na Sadique angekuwa na adabu zaidi angekuita, "Kaka Anuar, njoo ushike hapa." Lakini wewe miguu unayo. Ungetoka ukauliza kuna nini. Badala yake ulimwondoa msaidizi kimyakimya, ukamwacha mkeo aingie barabarani na gari unalojua linazimika. Angekufa, Anuar, ungemwambia nini Nuria?

Gari si lako, usimshawishi mtu auze. Nimemwuliza fundi kabla ya kukujibu. Anasema gari la zamani la kabureta likiwa la baridi linahitaji choki, kile kifuniko kinachobana hewa ili injini ipate mafuta zaidi. Waya wake ukikatika, injini inawaka na kuzima mpaka ipate moto, na huenda ndicho alichokuwa akikishika Sadique. Basi mwite mekaniko asubuhi, gari halijawashwa, maana likishapata moto hataona kitu. Aangalie waya wa choki kwanza, halafu mipira ya hewa kama imepasuka. Wewe usimame hapo hapo, uonyeshwe, ujue. Na mpaka litengenezwe, lisitoke uwanjani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo, kabla mtu wa msikitini aliyekusikia hajamfikishia habari, kaa na mkeo umwambie ulichofanya, chote. Usianze na udi wala vicheko. Kisha nenda kwa Sadique ukamwombe radhi, maana hukumkuta na kosa.

Sumaia atakasirika, na ana haki. Akikuuliza kwa nini, mwambie, "Niliogopa kukupoteza." Halafu nyamaza, umwache aseme yeye.