Eti Uzee

Newala, Jumanne

Eti uzee. Daktari wa mifugo alikuja Ijumaa, akamkuta Bobi amelala barazani na chakula hakigusi. Akasema mbwa wa miaka kumi na tatu haumwi, amezeeka tu, na uzee hauna dawa. Akamchoma sindano ya vitamini, akaondoka. Mdomo wa Bobi hata hakuufungua kuutazama.

Nami nikamwamini. Siku nne nimempikia uji asiounywa. Nimeshachagua hata pa kumzika, nyuma ya mihogo.

Leo jirani yangu Mama Zuhura alikuja kuazima ungo.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona huyu mbwa anatoa udenda?"

Kabla sijaitikia alishachuchumaa, akampanua taya. Kipande cha ganda la korosho mbichi kimekwama kwenye gego, na mafuta yake yameuunguza ufizi mpaka umekuwa mweusi. Akakichomoa kwa vidole viwili.

"Hili hata mtoto wa kijiji cha Mkunya angelijua," akasema, akachukua ungo akaenda zake.

Jioni Bobi kanywa uji wote, kalamba na sufuria.

Nikampigia daktari. Akacheka. "Lakini Mama, mbwa ni mzee kweli."

Ni mzee. Nani kabisha?

Kinachoniudhi zaidi ni mimi mwenyewe. Goti langu la kushoto, hospitali waliniambia neno hilohilo, hakuna aliyeligusa, nami nikasema asante nikarudi nyumbani.

Kesho narudi hospitali. Sinyanyuki kwenye kiti cha wagonjwa mpaka mtu aliguse goti hili.