Bosi Aliyetunga Katiba

Dada Zaina, shikamoo.

Hapa Mikumi mbuzi choma ni mtamu, ila mimi amenikaba. Bosi wangu aliweka mezani rasimu ya katiba ya kwanza ya nchi, akadai kaitunga yeye, eti herufi za mwanzo za jina lake zipo chini ya ukurasa. Siku hizi za vyama vingi, kila mzee kaizaa nchi! Mama mchomaji akaniuliza, "Karani, kweli?" Nikasema ukweli: ofisini herufi za mtunzi hutangulia, za mpiga chapa hufuata. Zake zimefuata za mwingine.

"Kumbe taipisti!" madereva wa malori waliokuwa wakila hapo wakaangua kicheko.

Bosi akawasha gari, akaniacha. Narudi Kilosa na lori la vitunguu. Barua zake zote namtungia mimi; ya kunifukuza sijui atatunga nani.

Wapakate wanao, uniombee.

Mdogo wako, Hamisi