Kipande cha Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana haya sina mwingine wa kumwambia, mimi ni fundi wa maabara, tunaloweka vipande vya chuma majini, vingine karibu na chanzo cha mionzi na vingine mbali nacho, tujue makasha ya kuzikia taka za nyuklia yataliwa na kutu kwa kasi gani, kwa sababu mionzi huyavunja maji yakawa makali kwa chuma, na mkuu wa kazi hiyo ni mjomba aliyenilea na kunifundisha kupima. Mwaka jana tulitoa vipande kumi na viwili vya upande wa mionzi, vyote vizima isipokuwa cha saba, kilikuwa na kitundu kama cha sindano, nikajiambia nimekikwaruza kwa koleo, nikakitia kwenye droo, nikaandika wastani wa uzito uliopotea kwa vilivyobaki, mjomba akatia saini, na makasha yameanza kutengenezwa. Majuzi nimekitazama kwa hadubini, si mkwaruzo, ni kutu imechimba. Sasa mjomba anaumwa ini, daktari anataja wiki tu, nikimpelekea chakula ananiuliza, “Mwanangu, kile cha saba kilikuwaje?” Namjibu kilikwaruzika, anageukia ukutani. Ameniuliza mara tatu. Je, ningoje aondoke na jina lake safi, ndipo niseme?

Mpwa Mwenye Droo

Mpwa, pole kwa kuuguza. Pole yangu inaishia hapo.

Mionzi siijui, lakini sufuria naijua. Ikitoboka tundu moja, kwenye mizani uzito ni uleule, ila maji haishiki. Makasha hayo yatakaa ardhini mpaka vilembwe wako wasahaulike, na hakuna atakayefukua kuchungulia.

Eti unamlinda mjomba. Usinichekeshe. Ukingoja afe, lawama utamtwika asiyeweza kujibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe unaficha ya wengi.

Tena, mtu aliyekufundisha kupima hageukii ukuta kwa ajili ya mkwaruzo. Ameshajua, inaniuma kukwambia. Anakungoja wewe.

Kesho asubuhi toa kipande kwenye droo, mwekee kiganjani pamoja na picha ya hadubini. Andikeni barua ya kusahihisha ripoti, uipeleke siku hiyohiyo kwa wanaotengeneza makasha. Huenda ukafukuzwa kazi. Mtalia nyote wawili, lieni. Lakini nenda angali na nguvu ya kushika kalamu.