Pasi ya Jirani Haikuwa na Kosa

Chumba cha Video,
Juu ya Duka la Vioo.
Jumatano, 12 Machi

Mpendwa mwana wa kaka yangu, Chapuchapu,

Habari za huko? Unakula vizuri? Kile kikohozi kilichokuwa kinakusumbua kimepoa? Nauliza kwa dhati. Nataka uwe mzima kabisa unaposoma haya, nisije nikaambiwa nilimgombeza mgonjwa.

Sisi hapa hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua lakini ulimi mzima. Baba yako amepungua mwili. Yeye anasema ni kwa hiari yake, mama yako anasema ni jino. Mimi ni mzima wa afya, ila nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe.

Nimekupigia, hupokei. Nimekuandikia kwenye simu, ukanijibu na kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ujumbe wa simu unaufuta kwa kidole gumba. Karatasi hii itabidi uichane kwa mikono miwili, na kabla hujaichana utakuwa umeisoma. Nakujua.

Ulipokuja likizo, siku niliyokwenda kupiga picha za mahafali, ulibaki peke yako na kompyuta yangu ya kazi. Niliporudi ulikuwa umekaa unatabasamu. Ukasema, "Shangazi, nimekusafishia vumbi." Nikakushukuru. Nikakukaangia mayai.

Vumbi kweli ulilisafisha. Ila hukuniambia kwamba uliingia pia kwenye ile skrini ya mipangilio inayotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa, ukaisukuma prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Hukuangalia kama umeme inaoupata unatosha mbio hizo. Feni ukaiacha ileile ndogo. Hukuipa kazi nzito ukakaa uone kama inastahimili. Uliona imewaka, ukasema imepona, ukala mayai yangu, ukapanda ndege.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana wewe unadhani kilichofuata ni kompyuta kuganda.

Unamkumbuka Mama Sindano, yule fundi cherehani wa chini, aliyekupunguzia suruali bila kukudai hata senti? Alimwoza binti yake muda mfupi baada ya wewe kuondoka, na mimi ndiye niliyepiga video. Mume wake alikuwa dereva wa treni, mtu mkimya kuliko wote niliowahi kuwajua. Salamu yake ilikuwa kuinamisha kichwa tu. Siku ya harusi akashika maikrofoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaongea na binti yake mbele ya ukumbi mzima. Watu waliacha kutafuna.

Nilirudi chumbani nikanakili kila kitu kwenye kompyuta. Katikati ya kunakili ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikaendelea mpaka mwisho. Nikafungua faili la kwanza, nikafungua la mwisho, nikaona yote mazima. Kisha nikafuta kadi ya kamera nipate kuitumia kwa kazi nyingine, kama ninavyofanya siku zote.

Kabla sijaanza kuihariri ile filamu, mzee akafariki. Alilala mchana baada ya kutoka zamu, hakuamka.

Baada ya msiba Mama Sindano alipanda ngazi akaniambia, "Mwenzangu, binti yangu anamfuata mumewe mbali. Nataka aondoke na sauti ya baba yake." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo kazi ni yangu. Nikakaa kwenye kiti nikaanza. Kukata na kupanga vipande, hakuna shida; hotuba ya mzee niliipanga nzima bila kuitazama, maana haikuhitaji kukatwa. Lakini kila nikiiambia itoe filamu kamili, inafika njiani, skrini inakuwa ya bluu, inajizima, inajiwasha kama mtu aliyeshtuka usingizini. Tena na tena.

Nikakupigia. Siku hiyo ulipokea. Nilikuuliza, kwa maneno haya haya: "Mwanangu, kuna kitu ulichokigusa?" Na wewe ukajibu, bila hata kumeza mate, "Hapana, Shangazi. Huo ni umeme tu. Si kuna fundi cherehani hapo chini? Pasi yake inavuta umeme wote. Mwambie aache."

Mimi nikakuamini. Wewe ndiye mtaalamu wa ukoo, sisi wengine tunabonyeza tu.

Nilishuka ngazi nikiwa nimepandwa na hasira, nikamkuta na wateja, nikamwambia mbele yao, "Pasi yako inaniulia mashine. Kama unaitaka filamu ya mumeo, chomoa." Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mjane. Wateja wakaangalia sakafu. Yeye akachomoa waya, akaukunja taratibu, akasema, "Sawa, dada. Nitapiga pasi nyumbani."

Na kweli akawa anafanya hivyo. Kila jioni nilimwona kutoka dirishani akibeba furushi la nguo kichwani kwenda kuzinyoosha kwake, na asubuhi anazirudisha zikiwa zimejikunja upya kwa safari. Mteja mmoja akamrudishia gauni akasema halijanyooka. Hakunilalamikia hata mara moja. Alivumilia ili filamu ya mumewe ikamilike.

Na kompyuta ikaendelea kuganda! Pasi haipo, nguo zinanyooshwa mtaa wa pili, na skrini ya bluu iko palepale. Nikakupigia tena. Ukasema labda ni mashine ya mkata vioo wa hapo chini. Nikanunua kifaa cha kutuliza umeme. Ukasema labda ni kumbukumbu, vile vibao vya RAM. Nikazitoa zile kumbukumbu, nikazijaribu moja baada ya nyingine, mimi ambaye sijawahi kufungua tumbo la mashine. Zote nzima. Ukasema labda ni programu. Nikaiondoa, nikaiweka upya. Ulinizungusha kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na dawa unayo mfukoni mwako.

Mwishoni nikamwita mwalimu wa kompyuta wa chuo cha ufundi, mwanamke mmoja mpole, anaongea kama yuko maktaba. Hakugusa kitu. Aliuliza kwanza, "Ukiandika barua inaganda?" Nikasema hapana. "Ukitazama filamu?" Hapana. "Ukitoa video?" Hapo ndipo inapoanguka. Akasema, "Basi inaanguka ikibebeshwa mzigo. Tuangalie joto na kasi."

Akafungua programu ya kupimia, akaipa prosesa kazi nzito. Joto likapanda kama maziwa jikoni. Akaizima, akaingia kwenye ile skrini yako ya siri, akaniuliza, "Nani aliongeza kasi hapa?"

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji mpiga ramli. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikwenda kukisaka kwenye nguo za jirani.

Nilikuandikia pale pale, yeye akiwa amekaa pembeni: "Uliongeza kasi ya prosesa yangu?" Ukajibu, "Kidogo tu, Shangazi, nilitaka kukusaidia." Na kikatuni kinacheka. Mwalimu aliona uso wangu, akaenda kusimama dirishani.

Usifikiri nakuchukia kwa sababu ya kasi. Nisikilize vizuri, maana hapa ndipo utakapojaribu kuponyokea. Mwalimu alirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na filamu ikatoka hadi mwisho bila kikwazo. Baadaye nikamwuliza kama kuna njia ya halali ya kuiongezea mbio, akanionyesha. Unanakili kazi zako zote kwingine kabla hujagusa chochote. Feni kubwa, na ile dawa ya kupoza kati ya feni na prosesa unaifuta ya zamani na kupaka mpya. Unaongeza kasi hatua moja, ndogo. Unaibebesha mzigo kwa saa nyingi, unakaa nayo, unatazama joto. Ikitulia, unaongeza tena kidogo. Ikitikisika, unarudi ulikotoka na unaridhika. Volteji, ile nguvu ya umeme, huichezei kama kitufe cha redio, maana ukiizidisha unaiunguza prosesa taratibu huku ukidhani unaisaidia. Na mwenye mashine unamwambia. Leo kompyuta yangu inakimbia juu kidogo ya kasi ya kiwandani, kwa mkono wangu mwenyewe, na imetulia kama maji ya mtungi.

Kwa hiyo ulilotaka kufanya linawezekana. Wewe ulichagua kulifanya kwa kujificha, na ulipoulizwa ukamsingizia mjane.

Sasa sikia lililobaki. Filamu ilipotoka niliitazama nzima. Nilipofika kwenye maneno ya mzee, picha ikamegeka vipande vipande vya kijani na zambarau, na sauti ikawa mkwaruzo. Kisha ikarudi sawa, watu wanapiga makofi na mzee anafuta jasho. Nikarudi kwenye faili la asili. Hivyo hivyo. Nikamwita mwalimu. Akaniambia kwa upole kwamba mashine isiyotulia huandika vibaya bila kusema, na kwamba ile siku ya kunakili ndipo lilipoharibikia. Tulijaribu kila njia kulifufua. Hakuna.

Tukawauliza wageni waliokuwa na simu. Wote walirekodi keki.

Nilishuka kwa Mama Sindano, nikamwomba radhi mbele ya watu, nikamwambia pasi yake haikuwa na kosa na kwamba mashine iliharibiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nani aliyeiharibu sikusema. Akaitikia kwa kichwa, kama mumewe.

Wakapanda juu, yeye na binti yake, tukafunga pazia. Mzee akatokea na suti yake inayombana mabegani. Akasema, "Mwanangu, mimi si msemaji. Nitasema moja tu. Siku utakayochoka…" Na hapo ikaja rangi, ukaja mkwaruzo, yakaja makofi.

Nikanyoosha mkono niisimamishe. Mama Sindano akanishika kiganja. "Iache," akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Alisema, siku utakayochoka, rudi nyumbani, hatutakuuliza kitu."

Binti akamwangalia. "Hapana, mama. Alisema, siku utakayochoka, mwambie mwenzio, msiache kusemezana."

"Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake."

"Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa."

Wakatazamana, Chapuchapu. Hakuna aliyekasirika. Wote wawili walikuwa na hakika, na wote wawili wakageuka kunitazama mimi, mwenye kamera, niliyekuwa pale nimesimama mbele kuliko wote. Nami siku ile nilikuwa nahangaika na mwanga. Sikumbuki. Narudia kuiandika hapa: sikumbuki.

Binti ameondoka. Amekwenda kuishi na mtu ambaye hajamzoea bado, na sasa hana tena hakika kama baba yake alimwachia mlango wazi au alimwambia abaki asemezane na mumewe. Yale yalikuwa maneno pekee mzee yule aliyowahi kusema hadharani. Wewe uliyapoteza ili video zangu ziwahi kwa dakika chache, na nilipokuuliza, ukanituma kwa pasi.

Kuharibu nakusamehe. Mtu akigusa vitu ataharibu. Ule uongo bado. Siku ile ya kwanza ungeniambia, "Shangazi, niliongeza kasi," nisingemdhalilisha mtu, na furushi lile lisingebebwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nimekuchelea tangu ulipokuwa ukivunja saa za ukutani uone kilichomo ndani. Nimeacha.

Sitaki kifaa kutoka huko. Usinitumie feni, usinitumie chochote. Namba ya Mama Sindano nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie mchana, akiwa dukani, cherehani yake ikiwa imenyamaza. Jitambulishe kuwa wewe ni mtoto wa kaka yangu, umwambie ulichofanya na ulichosema juu yake. Usimweleze habari za prosesa, hajakuuliza. Ukimaliza, nyamaza umsikilize, hata akikaa kimya kwa muda mrefu. Ukimya wa nyumba ile una maana yake.

Mpaka utakapofanya hivyo, usinipigie.

Baba yako anakusalimu. Sijamwambia, nimekuachia hilo pia. Mama yako anauliza kama blanketi lilifika. Bibi yako anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Nisalimie mchumba wako, na umwambie kwamba akikuuliza jambo mara moja, akuulize tena.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli kuliko mikono yako.

Ni mimi nikupendaye na nikukasirikiaye kwa moyo uleule mmoja,

Shangazi yako