Pointi ya Tatu Juu ya Ubwari

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeapa: humu nitaandika yote, hata wivu. Hasa wivu.

Leo nimefagia kiwanja, nimeanika mihogo, nimeteka maji. Mgeni wetu bado yupo: Noko Ebengo, ndugu ya mama, rubani wa ndege ndogo inayoleta dawa hapa Baraka. Ndege inangoja gurudumu kutoka Bukavu. Ijumaa atakwenda Kalemie, Jumamosi atarudi. Kiti cha pembeni yake ni kitupu. Atachukua mmoja wetu, mimi au Nyota.

Nyota ni binti ya mama mkubwa. Alikuja kutoka Lweba kusoma, tunalala kitanda kimoja. Mimi nimetaka urubani tangu nikiwa shule ya msingi. Yeye alianza kuutaka jana.

Jumanne, 5 Agosti

GPS ya zamani ya Noko, chombo chake cha kuonyesha njia, ilikufa. Hii mpya ni tupu. Ametueleza vizuri, na nimeelewa.

Kwenye viwanja vikubwa, njia ya kushuka kwa satelaiti hutengenezwa na wataalamu. Imo tayari ndani ya chombo. Rubani haongezi pointi, yaani alama za mahali pa kupitia, wala hapunguzi. Baraka haina njia hiyo. Noko ana pointi zake tatu tu, kwenye simu, zinazompitisha juu ya maji ya ghuba mpaka auone uwanja kwa macho. Mwezi huu watu wanachoma mashamba. Moshi ukilala juu ya ziwa, milima ya Ubwari haionekani mpaka umeifikia.

Kanuni yake: anayeandika asijikague mwenyewe. Mwingine asome.

Mbili aliandika yeye kwenye GPS mpya. Kisha wakampigia kuhusu gurudumu. Akamsogezea Nyota chombo: «We uko na vidole vyepesi. Maliza.» Nikasema mimi nitakagua. Akacheka: «Mama anakuita. Sombe haijitwangake yenyewe!»

Wote wakacheka. Nilitwanga ile sombe, majani ya muhogo, kama ninayemtwanga mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Noko ameamua: Nyota ndiye atakayekwenda.

Mama amempa kitenge cha bluu avae. Kile changu. Eti watu wa Kalemie wasituone maskini. Nyota ameimba tangu asubuhi. Anajua nyimbo mbili.

Namchukia. Nimeliandika neno hili, na sitalifuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Gurudumu limefika. Noko alikwenda uwanjani kulifunga, akaniachia GPS niichaji kwenye sola. Nikafungua ramani. Kuangalia tu.

Pointi ya kwanza, majini. Ya pili, majini. Ya tatu ilikuwa juu ya mlima. Ubwari kabisa.

Nikachukua simu yake, aliyoiacha kwenye waya uleule. Pointi ya tatu imeandikwa 29.15, digrii kwa desimali, lakini GPS inataka digrii na dakika. Shuleni sisi tunaandika desimali kwa virgule, yaani mkato. Nyota aliona nukta, akadhani inatenga digrii na dakika. Akaandika digrii 29, dakika 15. Lakini digrii moja ina dakika sitini, kama saa. Sehemu kumi na tano za mia za digrii ni dakika tisa tu. Dakika sita za ziada zimeihamisha pointi kutoka ghubani hadi mlimani. Na hakuna aliyekagua, kwa sababu mkaguzi alikuwa kwenye kinu.

Niseme kweli. Kwanza nilifurahi. Nilijiona nimesimama mbele ya wote jioni, nikionyesha kosa, na Nyota akivua kitenge changu.

Kisha wazo lingine, baya zaidi: kunyamaza. Noko ataruka, atajionea.

Halafu nikaona Jumamosi, wakirudi. Moshi. Nyota kwenye kile kiti, akiimba.

Nataka kiti chake. Sitaki matanga yake.

Nikamwita nyuma ya jiko, nikamwonyesha. Akashika kichwa: «Weee! Mi nakufa leo!» Nikamwambia: «Haukufe. Futa, andika tisa. Mi ntasoma.» Akaandika, nikasoma. Pointi ikashuka majini.

Noko aliporudi, Nyota akamwambia: «Noko, pointi ya tatu ilikuwa mubaya. Nimeirekebisha.»

Nime. Si tume.

Noko alilinganisha na simu. Akasema kosa ni lake pia, aliweka kanuni akaivunja mwenyewe. Kisha akamshika Nyota bega: «Macho kama haya ndo nataka pale mbele.»

Nilingoja Nyota ataje jina langu. Alitazama vidole vyake vya miguu. Nami sikusema. Kama ningesema, kila mtu angesikia wivu tu. Na ungekuwemo.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi moshi mwepesi. Tuliswaga mbuzi wote watoke uwanjani.

Kitenge kinampendeza. Inauma, lakini kinampendeza.

Kabla ya kupanda alinishika mkono kwa nguvu. Hakuimba. Ningeweza kumwambia Noko pale pale, alikuwa hatua chache tu. Badala yake nikamtuma Nyota, kwa mdomo, amwulize Noko swali moja wakiwa juu, aniletee jibu kesho. Alilirudia mara mbili asilisahau. Mara ya pili sauti yake ilikuwa ndogo.

Ndege ikaondoka, ikapinda juu ya ghuba, mbali na milima. Nilibaki mpaka mlio ukaisha. Nikarudi kuanua mihogo.

Swali ni hili: Noko, kati ya ule aliandika ile pointi mubaya na ule aliona kosa, ndo nani anafaa kukaa mbele?