Mchanga Ndio Breki

Diseh, Jordani
Wiki ya pili baada ya Idi Kubwa

Kwa baba yangu mzazi, Mzee Shahata,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naushika mkono wako na kuubusu, kisha wa mama, kisha kichwa cha bibi, kama bado anakubali kubusiwa bila kuzilalamikia ndevu zangu. Kifua chako kimeacha kukoroma? Ile dawa niliyompa mwenzetu Rifaati akuletee safari iliyopita uliinywa, au uliificha chini ya mto kama kawaida yako? Na nyati wa maziwa amezaa salama? Mimi ni mzima. Macho yanawasha kwa ule moto wa kuchomelea, mgongo nao unauma, lakini nakula, nalala na nasali, alhamdulillahi.

Najua Hamami ndiye anayekusomea. Hamami, soma polepole, usiruke mstari, na usijitie kufupisha.

Baba, mliningoja Idi sikuja, na simu sikupiga. Katika simu ungesikia neno la kwanza tu, kisha usingesikia mengine. Rifaati aliyeleta barua hii aliyaona yote, na kwa kuwa ulimi wake naujua nimemwapisha anyamaze mpaka isomwe. Nilimgonga mtu kwa gari. Hakufa. Sikufungwa. Vuta pumzi, nikueleze tangu mwanzo, maana humu ndani shukrani ni nyingi kuliko msiba.

Nilikwambia kwamba ninafanya kazi kwa Bedui mmoja, Mzee Suwailim, na mwanawe Jadaan. Wanawazungusha wageni katika majabali na mchanga. Mwaka huu gari lao lilikufa injini, nao hawana fedha za jingine, kwa hiyo tukalifufua lile aliloliacha marehemu ndugu yake Mzee Suwailim: pikapu ya Landkruza, ya zamani kuliko mimi, ambayo mbuzi walikuwa wakizalia ndani. Injini ya dizeli tuliitoa kwenye lori lililopinduka upande wa Quwaira. Haikukaa. Nikakata vishikizo nikavichomelea upya, vikapasuka, nikavichomelea tena. Springi za nyuma tuliziongezea majani ya chuma ya springi za lori la kokoto ili gari lisimame juu, tumbo lisilale mchangani. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, ukikaa unaiona ardhi inapita kati ya miguu yako. Nikaiziba kwa bati la tangi bovu la maji. Mabenchi ya wageni ni mabomba ya wajenzi yaliyokwisha kazi, na milango tuliizibia upepo kwa vipande vya hema kuukuu la manyoya.

Kila asubuhi Mzee Suwailim alikuja na birika la chai, akalizunguka gari, akasema, "Mmisri, umelifanya zuri kuliko mke wangu." Na mkewe akamjibu kutoka ndani ya hema, "Basi leo ulale nalo."

Zilibaki breki. Raba za pampu zilikuwa zimekwisha na mafuta yalivuja. Nilisema. Jadaan akacheka, akaniuliza nitaacha lini kuendesha kama mtu wa mjini. "Breki za nini? Mchanga ndio breki. Toa mguu kwenye mafuta, gari linasimama lenyewe." Si uongo, Baba. Mchangani hakuna anayekanyaga breki, ukikanyaga unajizika. Watu wa huku wamezaliwa wakiendesha hivyo, na mimi nilishazoea kama wao. Tukakubaliana sote watatu kwamba raba mpya zingoje fedha ya wageni wa kwanza. Zile kuukuu nikazigeuza upande, nikazirudisha.

Siku chache kabla ya Idi vijiti vya kuchomelea vilikwisha. Jadaan akanituma kijijini kwa gari hilo, akanionya nipite mchangani mpaka nyuma ya maduka. Nilipofika, upepo ulikuwa umelundika mchanga mahali hapo, laini kama unga, haupitiki. Nikapanda lami. Ni kipande kifupi tu, kinateremka kutoka kwenye reli mpaka kwenye nyumba. Lami haikamati, Baba. Nilikanyaga, mguu ukafika chini bila kukutana na kitu. Nikavuta breki ya mkono, waya ukakatika. Mbele ya duka la mikate walisimama wanawake. Nikapinda usukani, nikaingia katika ukuta wa nyumba ya mzee mmoja, Dughaim. Yeye alikuwa ameuegemea kwa ndani, anakunywa chai yake. Mguu wake ulivunjika.

Wanawe walinishika, polisi wakanichukua. Leseni ya huku sina, na kibali changu kinasema mimi ni mkulima. Unajua maana yake: jela, kisha meli ya Nuweiba ya kunirudisha Misri, na muhuri wa kutorudi. Usiku ule niliifikiria dawa yako, na nyumba ya mama iliyosimama kwenye msingi.

Polisi walisubiri neno moja tu, la mzee aliyeumia: anashtaki au anasamehe. Na kwa watu hawa, mtu akimjeruhi mtu, haulizwi yeye, unaulizwa ukoo wake. Wanaume wa ukoo huenda kwa aliyeumia kuomba sulhu. Kahawa ikiletwa wanaiweka chini, hainywewi mpaka mwenye nyumba akubali ombi lao. Mimi ukoo wangu uko ng'ambo ya bahari. Nani angeniwekea kikombe chini?

Wana wa Dughaim walikuwa wameshampelekea ujumbe Mzee Suwailim: tuachie huyo Mmisri, wewe hatuna neno nawe. Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Angesema ni kibarua tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Asubuhi akaja kituoni kunidhamini, lakini hakunipeleka nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja mpaka hema la wageni la Mzee Dughaim, na nje nikawakuta wanaume wote wa ukoo wa Suwailim wanatungoja, wengine hata jina langu hawalijui. Rifaati naye alikuwepo.

Tukaketi. Mzee Dughaim alikuwa amelala kwenye godoro, mguu mweupe kwa plasta. Kahawa ikamiminwa, vikombe vyote vikawekwa zuliani. Kisha Dughaim mwenyewe akauliza.

"Huyu Mmisri ni nani kwako?"

"Mwanangu," akasema Mzee Suwailim.

"Wanao nawajua wote tangu wanatembea uchi. Huyu ulimzaa lini?"

"Leo asubuhi. Na uchungu wake bado uko kiunoni, kwa hiyo usinikalishe sana."

Mtu mmoja nyuma yangu alikohoa kuficha kicheko. Dughaim hakucheka. Akamwambia kwamba mzaha ni mzaha na mguu ni mguu. Ndipo Mzee Suwailim alipojiweka sawa, akasema mbele ya wote kwamba kosa langu ni lake, deni langu ni lake, na siku ukoo wao utakapodaiwa na watu, nami nitatoa kama wanavyotoa wanawe. Dughaim akanigeukia.

"Wewe. Baba yako ni nani?"

Hapa, Hamami, kama kuna majirani chumbani, waombe watoke kwanza.

Baba, jina lako lilikuwa mdomoni. Ulimi ulikuwa umeshaliinua. Nikamtazama Mzee Suwailim, naye alikuwa anatazama kikombe chake, hanisaidii wala hanizuii. Nikasema, "Suwailim."

Dughaim akawaambia wageni wake, "Kunyweni, kahawa inapoa."

Hivyo ndivyo mwanao alivyopona. Mzee Dughaim aliusamehe mguu, akataka vitu viwili tu: nimjengee ukuta wake, na nimfufulie Landrova yake iliyolala zizini tangu mbuzi wa kwanza. "Lakini wewe," akaniambia, "breki kwanza, injini baadaye." Ukuta nimeumaliza. Landrova ninaianza kesho. Ile Landkruza nayo tumeitia breki nzima kutoka gari la yadi ya vyuma chakavu, na Jadaan ndiye aliyelala chini ya gari mchana kutwa kuzifunga. Gharama za hospitali zilitoka nyumba kwa nyumba za ukoo wa Suwailim, na hakuna mlango uliokataa. Baba, nimekula jasho langu miaka yote katika nchi ya watu, sikuwahi kujua kwamba watu wanaweza kunifanyia hivi. Nikikumbuka machozi yanatoka, na sioni haya kukuandikia.

Lakini si bure. Nimehesabiwa kwao. Kijana wao yeyote akimwumiza mtu kesho, nami nitatoa fungu langu, na mwezi huo nitakacholeta nyumbani kitapungua. Sikukuuliza kabla ya kujifunga, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

Tulipokuwa njiani kurudi nilikuwa nimegeuzia uso dirishani. Mzee Suwailim aliona, akalisimamisha gari tuliloazima. Akaniambia hataki mwana aliyepatikana kwa kumficha baba yake mzazi. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mwandikie baba yako. Mwambie nimekukopa mbele ya watu, sikukunyang'anya. Akiridhia, nitakuwa ndugu yake. Akikataa, nitarudi kwa Dughaim na kumwambia huyu sina haki naye, na yatakayokuja tutayapokea." Si mtu wa kusema asichokusudia. Akirudi kwa Dughaim, sulhu imevunjika na mimi niko mikononi mwa polisi. Najua, na yeye anajua. Hata hivyo amenikataza kukuomba uridhie. Amesema nikueleze tu, kisha niache.

Kwa hiyo nimekueleza, na sasa naacha. Rifaati anarudi mwisho wa mwezi. Mpe neno lako, liwe lolote. Nitalipokea kama ninavyoupokea mkono wako.

Msalimu mama, mwambie nguo ya baridi imefika na naivaa. Msalimu bibi, na dada Nagati na wanawe, na mjomba, na kila anayeuliza habari zangu kwa nia njema. Hamami, ahsante kwa kusoma. Ukishamaliza mpe Baba barua aishike, hata kama hasomi.

Chini natia jina langu lote, kama ulivyonipa, kwa sababu siku ile sikulisema.

Mwanao,
Bakhiti wa Shahata wa Abdel-Nuur